Kanuni ya Woga

Jumatatu asubuhi daktari wa mifupa alisema mguu ukatwe juu ya goti, na ukatwe kabla ya Ijumaa. Jumatatu hiyohiyo mchana Koplo aliomba daftari, rula na kalamu ya wino mweusi, akajiegemeza kitandani, akaanza kuandika kanuni mpya za mchezo.

Mkewe alidhani anamwandikia daktari barua. Aliweka chai juu ya stuli, akachungulia begani kwake, akasoma mstari wa kwanza: "Herufi Kubwa haina woga." Alikuwa mwanamke wa kuyatafuna maneno kwanza, na mengi aliyameza yakaishia hukohuko.

"Daktari kasema kabla ya Ijumaa," alisema hatimaye.

"Nimesikia. Kilichooza ni mguu, masikio bado."

"Na fomu je?"

"Fomu ina miguu? Itakimbilia wapi? Iache hapo ilipo."

Fomu ya ridhaa ilikuwa juu ya kabati, imebanwa na chupa ya spiriti isipeperuke. Mstari wa sahihi ulikuwa mtupu. Bila sahihi hiyo hakuna aliyeweza kuugusa mguu ule kwa kisu, maana mwenyewe alikuwa mtu mzima mwenye akili zake timamu. Daktari aliyaeleza hayo yote akimtazama kaka yake Koplo, kana kwamba mgonjwa ni redio mbovu iliyoletwa na mwenye nayo. "Anaelewa huyu?" aliuliza. "Muulize mwenyewe, yuko hapa," kaka mtu akajibu. Lakini daktari alikuwa ameshafungua faili la mgonjwa mwingine.

Watu wa mtaa ule waliamini kwamba mguu wa Koplo ulipigwa risasi vitani. Hakuna aliyewadanganya. Walijiuliza wenyewe, wakajijibu wenyewe, na Koplo akawaachia jibu lao. Ukweli ni kwamba alikuwa mtunza ghala jeshini, na lori la viazi lilirudi nyuma huku dereva akiongea na mtu, likambana ukutani. Alipokwenda kujaza karatasi za majeruhi, karani alisoma kwa sauti mahali palipoandikwa "sababu ya jeraha", kisha akamwita mwenzake wa chumba cha pili aje asikie. "Viazi," alisema. "Afande huyu kaangushwa na viazi." Wakacheka wote wawili, wala si kwa ubaya, na hilo ndilo lililomkata maini. Mfupa uliungwa, ukapona juujuu, halafu mwaka wa pili ukaanza kutoa usaha.

* * *

Mchezo wenyewe waliubuni ndugu hawa wawili zamani, kaka mtu alipokuwa akijifunza kazi kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji. Mpaka leo alikuwa hapohapo, mpanga herufi, mmoja wa wachache waliobaki wanaopanga kwa mkono. Kiwanda kilichapa tiketi za bahati nasibu, vitabu vya risiti na kadi za harusi. Herufi zilizochakaa ziliyeyushwa, na wao walikuwa wakiziokoa baadhi wakazifanya askari. Zilikuwa za madini ya risasi, na utani wao wa kwanza, ambao kwa miaka kumi na tano hawakuuchoka, ni kwamba askari wao hawaogopi risasi kwa sababu wao wenyewe ni risasi.

Haikuwa vita ya majeshi. Ilikuwa vita ya vikosi vidogo juu ya meza, kila mchezaji na herufi zake ndogo sita, na masanduku ya wino yakiwa ndiyo nyumba na kuta za kujifichia. Askari alisogea vidole vinne. Alipiga kwa dadu moja, na ikitoka nne, tano au sita, adui amepatwa. Aliyepatwa hakufa papo hapo. Alirushiwa dadu ya woga. Ikitoka moja, mbili au tatu, ameogopa: anakimbilia ukingo wa meza upande wa kwao, anakaa zamu moja akifungwa bandeji, kisha anarudi mzima. Ikitoka nne kwenda juu, huyo ni jasiri: anabaki palepale na jeraha lake, na akipatwa mara ya pili ametoka mchezoni.

Herufi ikikimbia, mwenye nayo alilazimika kutangaza, "Anaomba ruhusa ya kwenda msalani." Neno hilo lilikuwa la Koplo. Walicheza kila Jumamosi alasiri kwenye meza ya kukatia karatasi, ndugu hawa wawili pamoja na kinyozi wa jirani na mwalimu mmoja wa hesabu, na watu wazima wanne walilicheka neno la msalani kila wiki kama ndiyo kwanza wanalisikia.

Sasa Koplo alitaka askari wa aina nyingine. Mpanga herufi alipotoka kazini Jumatatu na kupita kumwona, alikuta kurasa tatu zimejaa.

"Si majitu ya kwenye hadithi," Koplo alimweleza. "Ni watu. Ila wamezidi. Ukimpiga mmoja wao hatikisiki. Akikimbia, jicho halimfuati vizuri. Tutawatambuaje mezani?"

"Wafanye herufi kubwa."

"Nimeshawaita hivyo. Niletee zile za mabango, zile nene."

"Kesho nitakuletea. Na fomu utasaini lini?"

"Kaka, usinichanganyie mambo."

Mpanga herufi hakumchanganyia. Mgonjwa alikuwa amepitisha wiki sita bila kuomba chochote zaidi ya maji na ukimya, na mtu wa namna hiyo akiomba kitu, ndugu yake hukimbilia kukileta hata kama si dawa. Kesho yake alfajiri alifungua droo ya herufi za mabango, zilizokuwa zimelala kwa miaka, akachagua tatu, M na H na K, kila moja nene kama kidole gumba, akazifuta wino kwa kitambaa chenye mafuta ya taa na kuzitia mfukoni. Njia nzima kwenda kwa mdogo wake alizisikia zikigongana pajani akitembea.

* * *

Jumanne kinyozi alikuja kumnyoa Koplo nyumbani. Alivuta kiti mpaka dirishani, mbali kidogo na mguu, akasema anafuata mwanga. Kila mtu siku hizi alifuata mwanga. Fundi cherehani wa chumba cha pili naye alikuwa amehamisha cherehani yake kutoka ukumbini kwa sababu ya mwanga. Mke wa Koplo alichemsha bandeji mara mbili kwa siku, akafungua madirisha, akamwaga dawa sakafuni, na harufu ilikuwepo tu.

Baada ya kunyolewa, Koplo alimwomba ajaribu kanuni. Walitandika ubao kwenye meza ndogo iliyosogezwa kitandani. Herufi Kubwa zilisogea vidole vinane, zilipiga kwa dadu tatu, zilikufa kwa pigo la sita, na hazikurushiwa woga kamwe. Kinyozi na herufi zake ndogo sita alimalizwa kabla povu halijakauka kwenye brashi.

"Huu si mchezo, bwana," alisema akikusanya wembe wake. "Huku ni kuchinja. Mimi nimekuja kufanya nini hapa? Si ungejichezea peke yako tu?"

Koplo alicheka. Mkewe, aliyekuwa akikunja nguo pembeni, aliinua kichwa, maana kicheko kile hakikuwa kimesikika ndani ya nyumba ile muda mrefu. Alimwogopea na kumfurahia kwa wakati mmoja.

Kinyozi hata hivyo alikuwa amesema kweli, na Koplo alikuwa mtu wa haki katika mambo ya mezani. Askari asiyeshindika hana mchezo. Siku ile nzima alikata na kupunguza. Dadu tatu zikawa mbili, pigo la sita likawa la tatu. Kasi aliiacha. Kanuni ya kwanza, ile ya kutokuwa na woga, hakuigusa. Aliipigia mstari mara mbili chini yake.

* * *

Mke wa Koplo alikuwa dobi wa hospitali ileile. Jumatano alirudi kutoka zamu ya asubuhi, hakuvua hata viatu, akakaa ukingoni mwa kitanda, upande wa mguu.

"Nataka kukwambia kitu, na usinifanyie utani," alisema.

"Sema."

"Mimi ndiye ninayefua mashuka ya wodi ya upasuaji. Ya waliokatwa mapema yananijia na damu. Nayafua, yanatakata, na wiki ya pili nawaona wenyewe wakitoka getini na magongo yao. Ya waliochelewa hayafiki kwangu. Yanachomwa moto."

Koplo aliangalia daftari.

"Leo yamechomwa manne," mkewe alisema.

"Nikikatwa, watu watauliza."

"Wameuliza zamani na wamejijibu. Wewe kwao ni shujaa wa vita. Ukitoka na gongo watakupisha njia."

"Na mimi nitakuwa najua. Kila nikijikwaa nitajua ni viazi vilivyokula mguu mzima. Sasa hivi vimeuvunja tu."

"Mwanamume mzima unashindana na viazi," alisema mkewe, na hakuwa anacheka. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa kiganja kilichochunwa na sabuni, akainuka kwenda kuchemsha bandeji. Koplo alimpenda sana mwanamke yule. Alitaka kumwita, akaona aibu, akachukua kalamu.

* * *

Jumatano hiyo alasiri mpanga herufi aliomba ruhusa kazini, akaja na mwalimu wa hesabu. Walicheza na kanuni zilizopunguzwa, mpanga herufi na herufi ndogo sita, Koplo na Herufi Kubwa tatu. Herufi Kubwa zilianza kwa kishindo, zikaangusha na kutimua, kisha polepole zikaisha. Wakacheza tena, zikaisha tena. Mara ya tatu mwalimu aliomba karatasi, akapiga hesabu zake za bahati na nasibu akinong'ona, akasema kwamba kati ya michezo mitano Herufi Kubwa zitashindwa minne. Akaaga akaondoka, maana alikuwa na madaftari ya kusahihisha.

Koplo alikuwa amekunja uso. "Haiwezekani. Zina dadu mbili kila moja. Zina mbio. Mapigo zinastahimili matatu, zako mawili. Zinashindwaje?"

Mpanga herufi alikuwa ameshaliona. Kazi yake ilikuwa kusoma mambo kinyumenyume, kama herufi zinavyokaa kwenye fremu kabla hazijachapwa, na labda ndiyo maana aliliona yeye kwanza.

"Kwa sababu ya kanuni yako ya kwanza," alisema. "Za kwangu zikipatwa, nusu zinaogopa. Zinakwenda nyuma, zinafungwa bandeji, zinarudi nzima. Nimeziangalia. Hii 'n' imekimbia mara tatu leo, na ndiyo iliyoua K. Za kwako hazina pa kwenda. Zinasimama mpaka ziishe."

"Ndivyo askari anavyotakiwa."

"Basi ndivyo anavyokwisha. Wape woga kidogo. Dadu ikitoka moja tu, waogope. Moja kati ya sita."

"Nikiwapa woga watakuwa na tofauti gani na sisi?"

"Watakuwa hai."

Koplo aliweka dadu chini. "Mtu akikimbia mezani watu wanasema anakwenda msalani. Wanacheka."

"Wanacheka, halafu anarudi. Ulilitunga wewe neno hilo, mdogo wangu. Mimi nimelisema mara mia na sijafa."

Wote wawili walijua hawazungumzii tena herufi, na hakuna aliyethubutu kulisema hilo. Huo ndio ulikuwa ugonjwa wa nyumba ile. Waliweza kuzungumza jambo lolote chini ya jua mradi limewekwa mezani na kupewa dadu.

Basi mpanga herufi akafanya kosa ambalo watu wa aina yao tu wangelifanya. Alikuwa na hesabu ya mwalimu mkononi, nne kati ya tano, na akaiona kama mlango uliofunguliwa.

"Tucheze kesho mchezo mmoja," alisema. "Wewe na Herufi Kubwa zako, bila woga, kama unavyotaka. Zikishindwa, unasaini fomu hapohapo."

Koplo alimtazama. "Na zikishinda?"

"Zikishinda sikuulizi tena."

"Na yeye?" Alionyesha kwa kichwa kule jikoni.

"Nitamwambia naye asikuulize."

Koplo alinyoosha mkono, wakapeana. Kiganja chake kilikuwa cha moto.

* * *

Alhamisi mchana mke alikuwa kazini. Mpanga herufi alifika na ubao, dadu, na kifuniko cha sufuria cha kurushia dadu zisisambae. Aliweka kifuniko kwenye stuli, upande wake. Fomu aliiondoa juu ya kabati akaiweka karibu, na kalamu juu yake.

"Macho yangu leo yana ukungu," Koplo alisema akilaza kichwa kwenye mto. "Ni homa. Dadu nitarusha, ila nisomee wewe."

"Zako pia?"

"Zote. Nisomee tu."

Wakaanza. Koplo alirusha, mpanga herufi akainama juu ya kifuniko na kutaja. Tatu na tano. Moja na moja. Sita. Mara ya kwanza Koplo alipouliza "Ngapi?" mpanga herufi alishtuka kwa wazo lililomjia, kwamba mchezo mzima uko mdomoni mwake. Angeweza kusema namba yoyote. Alilisukuma wazo lile kando. Katika miaka yote ile ndugu hawa hawakuibiana dadu hata moja. Mara moja tu kinyozi aliisukuma dadu kwa kidole akidhani haonekani, na Koplo hakumsemesha mwezi mzima, tena akanyolewa kwingine. Isitoshe, mpanga herufi alitaka ushindi wa haki. Alitaka mdogo wake asaini akijua ameshindwa kweli, asije akaishi na mguu mmoja na uongo mmoja. Na hesabu ilikuwa upande wake.

Hesabu ilifanya kazi yake vizuri nusu saa. M ilianguka, kisha K. Herufi ndogo zilikimbia, zikafungwa bandeji, zikarudi, na mpanga herufi kila mara akasema kwa sauti ya chini kwamba zinaomba ruhusa ya kwenda msalani, bila mtu kucheka. Halafu bahati ikageuka, kama inavyogeuka, bila sababu. H iliyobaki ilipiga mara nne mfululizo bila kukosea. Ikabaki yenyewe, ikiwa imeshapata mapigo mawili kati ya matatu, dhidi ya 'n' peke yake. Koplo alirusha, 'n' ikapatwa. Mpanga herufi akairushia woga akitamani iogope. Ikatoka sita. Ikabaki palepale, jasiri, na jeraha lake.

Ilikuwa zamu ya 'n'. Nne kwenda juu, H imekwisha na fomu inasainiwa. Mpanga herufi akarusha. Dadu ilizunguka kwenye kifuniko ikatulia.

"Ngapi?" Koplo aliuliza. Alikuwa anatazama dari.

Ilikuwa mbili. Mpanga herufi aliitazama, akamtazama mdogo wake, akaitazama tena. Nje fundi cherehani alikuwa akikanyaga cherehani yake. Neno "nne" lilimjia mpaka kwenye ulimi, likakaa hapo, fupi kuliko mengine yote, na hakuna aliyemwona.

"Mbili," alisema.

Koplo akachukua dadu zake mbili, akazirusha bila kuzitikisa.

"Ngapi?"

"Moja," mpanga herufi alisema. Kisha akaongeza, "Na tano."

Koplo hakushangilia. Alifumba macho, akasema, "Basi," na baada ya muda akasema anataka kulala. Mpanga herufi aliirudisha fomu juu ya kabati, chini ya chupa ya spiriti. Alipokutana na shemeji yake njiani akitoka kazini, alimwambia asimuulize tena mumewe habari za mguu, angalau kwa siku chache, maana wamepatana. Shemeji aliuliza wamepatana nini. Akamjibu, "Tumepatana tu." Mke wa Koplo alimheshimu kuliko mtu yeyote, kwa hiyo alitii. Siku ya Ijumaa hakuuliza.

* * *

Jumamosi mguu ulivimba mpaka pajani, na Koplo akawa anawaita watu wasiokuwepo. Jumapili asubuhi homa ilimwachia kidogo. Akamshika mkewe mkono.

"Naogopa," alisema. "Lete fomu."

Alisaini kwa maandishi ya kupanda na kushuka, kalamu ikatoboa karatasi. Mkewe alilia kwa furaha, maskini, akatoka mbio kutafuta gari na kumpelekea shemeji yake habari njema.

Hospitalini daktari alifunua shuka, akalifunika, hakumsema mtu. Walimweka Koplo kwenye kitanda cha magurudumu. Mlangoni mwa chumba cha upasuaji aliinua mkono kumwita kaka yake, na mpanga herufi akainama mpaka sikio likagusa midomo.

"Macho yangu hayakuwa na ukungu wowote, Kaka," Koplo alisema. "Nilingoja uniibie."

Wauguzi wakakisukuma kitanda, mlango ukafungwa. Mpanga herufi alibaki ameinama vilevile, na mtu aliyepita na ndoo alimwomba asogee.

Mguu ulikatwa, lakini sumu ilikuwa imetangulia kwenye damu. Koplo alikufa Jumanne saa nne asubuhi. Daktari alianza kusema, "Kama tungempata Alhamisi," akaona sura zao, akanyamaza. Jeshi lilimtuma ofisa mmoja mwenye kofia, akasoma karatasi iliyosema marehemu alijeruhiwa akiwa kazini, na majirani wakatikisa vichwa kwa heshima. Fundi cherehani alilia kuliko wengi.

* * *

Siku ya nne baada ya mazishi mpanga herufi alikuja kumjulia hali shemeji yake. Alimkuta akikunja nguo za marehemu, akizigawa mafungu mawili, za kugawa na za kubaki. Fungu la kubaki lilikuwa na shati moja. Mpanga herufi alikaa kwenye stuli, akakataa chai.

"Alikuita pale mlangoni," shemeji alisema bila kuinua uso. "Nilikuwa nimesimama nyuma na mfuko. Nilimwona akikunong'oneza. Alikwambia nini?"

"Alisema nikutunze."

"Basi?"

"Na kwamba hana kinyongo na mtu."

Mke wa Koplo aliikunja suruali, akailaza, akaipapasa kwa kiganja mpaka mkunjo ukanyooka.

"Shemeji, wewe kudanganya hujui," alisema. "Tangu niingie nyumba hii sijakusikia ukidanganya hata siku moja. Leo ndiyo nimekusikia. Niambie alichosema."

Mpanga herufi alimwambia. Alianza mbali, kwa kuwa hakuweza kuanza karibu. Alimweleza hesabu ya mwalimu, mkono waliopeana, kifuniko cha sufuria, ukungu wa macho. Alimweleza kwamba alisoma dadu zote, zake na za mwenzake, na kwamba alizisoma zilivyokuwa. Kisha akamwambia maneno ya mlangoni, yote mawili. Alilia katikati, akamaliza huku analia.

Mwanamke alisikiliza mpaka mwisho. Hakumtukana, wala hakumfukuza, ingawa angekuwa na haki.

"Ilikuwa dadu ngapi?" aliuliza. "Ungesoma ngapi vibaya, ili asaini?"

"Moja," mpanga herufi alisema.